Mbegu za kampuni katika shamba la kilimo hai: Anachopaswa kujua mfanyabiashara wa Rusizi

KAMEMBE, Rusizi

Mbegu ya mahindi iliyopakwa rangi ya waridi, nyekundu au kijani ni ishara kwamba imetiwa dawa na haifai kuliwa na mtu wala mfugo. Wafanyabiashara wengi wa mpakani wanalijua hilo. Wasilolizingatia sana ni kwamba rangi hiyo hiyo inaweza kumkosesha mkulima wa kilimo hai cheti chake, na pamoja naye ushirika mzima unaouza kwa jina moja.

Kwa miaka mingi wakulima wa kilimo hai na kampuni za mbegu wamekuwa wakitazamana kwa mashaka. Wakulima waliziona kampuni kama ndugu wa wauza dawa na mbolea za viwandani. Kampuni nazo ziliwaona wakulima hao kama watu wa mbegu za asili, wasio wateja. Hata hivyo, ukweli wa sokoni ni tofauti. Sehemu kubwa ya kilimo hai duniani bado inaanza na mbegu iliyozalishwa na kampuni za kawaida au vituo vya utafiti vya serikali, na kanuni za kilimo hai zenyewe zinaruhusu jambo hilo kwa masharti.

Masharti hayo ndiyo yanayomhusu mfanyabiashara na msafirishaji wa Rusizi, wilaya yenye milango ya kwenda Bukavu kupitia Rusizi ya Kwanza na Rusizi ya Pili, na ya kwenda Kamanyola kupitia Bugarama. Mzigo wa mbegu usiofuata masharti hupoteza thamani yake kabla haujafika shambani.

Kanuni zinasema nini

Kiwango cha Bidhaa za Kilimo Hai cha Afrika Mashariki, kinachojulikana kwa namba EAS 456, kilipitishwa mwaka 2007 pamoja na alama yake ya Kilimohai. Ni mwaka huo huo Rwanda ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kiwango hicho kiliandaliwa kwa ushirikiano wa serikali, sekta binafsi na vyama vya kilimo hai vya nchi wanachama, kikiungwa mkono na mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na IFOAM, shirikisho la kimataifa la kilimo hai. Kwa upande wa Rwanda, chama kinachowaunganisha wadau wa sekta hiyo ni ROAM.

Kuhusu mbegu, utaratibu wake ni wa ngazi. Kwanza, mkulima atumie mbegu iliyozalishwa kwa kilimo hai. Pili, isipopatikana, atumie mbegu ya kawaida ambayo haikutiwa dawa za viwandani. Mbegu iliyotiwa dawa ni ya mwisho kabisa kufikiriwa, na masoko mengi ya nje hayaipokei kirahisi. Mbegu iliyobadilishwa vinasaba haikubaliki katika ngazi yoyote.

Hapa kuna jambo linalochanganya watu wengi. Mbegu ya kilimo hai si lazima iwe mbegu ya asili. Mbegu chotara inaweza kuwa ya kilimo hai, na mbegu ya kienyeji inaweza isiwe. Kinachoangaliwa ni jinsi ilivyozalishwa. Kwa mazao ya msimu mmoja, kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka mmea mama uwe umekuzwa kwa kilimo hai kwa angalau kizazi kimoja. Kwa mazao ya kudumu, angalau misimu miwili ya ukuaji.

Maana yake ni kwamba kampuni ya kawaida inaweza kuchukua aina yake ya mbegu, iliyogunduliwa na watafiti wake kwa miaka mingi, ikaizidisha msimu wa mwisho kwenye shamba lililothibitishwa kuwa la kilimo hai, kisha ikaiuza kama mbegu ya kilimo hai. Ndivyo zinavyofanya kampuni za Uholanzi kama Bejo, na Enza Zaden kupitia tawi lake la Vitalis. Utafiti unabaki mmoja, kinachotofautiana ni shamba la mwisho na ghala.

Nani anamhitaji nani

Kugundua aina mpya ya zao huchukua miaka mingi na fedha nyingi. Soko la kilimo hai peke yake, hasa katika nchi zetu, ni dogo mno kulipia kazi hiyo. Kwa hiyo mkulima wa kilimo hai anategemea utafiti unaolipwa na wanunuzi wengine wa mbegu au na walipa kodi.

Kampuni nayo ina sababu yake. Mashamba ya kilimo hai hayapulizwi dawa, hivyo udhaifu wa aina mpya dhidi ya magonjwa huonekana mapema. Aina inayostahimili katika mazingira hayo ina nafasi nzuri ya kuuzika pia kwa mkulima wa kawaida asiye na fedha za dawa, ambaye ndiye mteja mkubwa katika ukanda huu. Aidha, dawa za kutia mbegu zenyewe zinapungua. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa thiram, iliyotumika miaka mingi kukinga mbegu dhidi ya ukungu, na katika mwaka huo huo ukapiga marufuku matumizi ya nje ya viuatilifu vitatu vya jamii ya neonicotinoid. Kampuni zilizokwishajifunza kusafisha mbegu kwa maji moto au mvuke kwa ajili ya wateja wa kilimo hai zilikuwa na pa kuanzia.

Faida haigawanyiki sawa kwa kila zao. Hapo ndipo hesabu inapoanza.

Mahindi, maharage na mpunga

Mbegu chotara ya mahindi hupoteza nguvu ikirudiwa kupandwa, kwa hiyo mkulima hununua upya kila msimu. Kampuni ina uhakika wa mteja, na ndiyo maana kampuni kama Kenya Seed na Seed Co zililitafuta soko la Rwanda baada ya serikali kuanzisha mpango wa kuongeza uzalishaji wa mazao, CIP, mwaka 2007. Katika miaka ya mwisho ya 2010 serikali iliongeza msukumo wa kuzalisha nchini mbegu za mahindi, ngano na soya ili kupunguza uagizaji.

Maharage na mpunga ni kinyume. Mazao haya hujichavusha yenyewe, na mkulima anaweza kuweka mbegu yake mwenyewe kwa misimu kadhaa bila hasara kubwa. Kampuni haioni faida ya kutosha, hivyo kazi hubaki kwa vituo vya utafiti, vyama vya ushirika na wafanyabiashara wa masoko ya kawaida.

Uzito nao una maneno yake. Hekta moja ya mahindi huhitaji mbegu kilo 25 hivi. Hekta ya maharage huhitaji kilo 60, wakati mwingine zaidi. Ushirika unaotaka kupanda hekta 100 utahitaji tani 2.5 za mbegu ya mahindi, au tani 6 za mbegu ya maharage. Kwa kuwa maharage ni mazito kwa kila hekta na bei ya kilo yake ni ndogo kuliko ya chotara, nauli ya mbali hula faida yote. Ndiyo maana mbegu ya mahindi inaweza kutoka Kenya au Zambia ikaleta faida, lakini mbegu ya maharage inafaa izalishwe karibu na inapopandwa.

Kwa ushirikiano wa kilimo hai, tofauti hiyo inaelekeza pa kuanzia. Mahindi huchavushwa na upepo, na shamba la mbegu hutakiwa kutengwa na mahindi mengine kwa umbali wa mita 200 hivi. Katika vilima vya Rusizi, ambako kaya nyingi zina kipande kidogo cha ardhi kilichopakana na cha jirani, umbali huo ni vigumu kuupata bila wakulima wa kilima kizima kukubaliana. Maharage yanahitaji mita chache tu, na mpunga vivyo hivyo. Kwa hiyo mbegu za kilimo hai za maharage, soya na mpunga zinaweza kuzalishwa na ushirika wa kawaida kwa kutumia mbegu ya msingi kutoka RAB, bodi ya kilimo na ufugaji ya Rwanda. Kwa mahindi na mboga, njia nyepesi ni kuagiza kwa kampuni ileile mbegu isiyotiwa dawa.

Hata hivyo mbegu isiyotiwa dawa haikai dukani ikisubiri mteja. Kampuni nyingi hutia dawa mbegu zote mara baada ya kusafishwa. Anayetaka fungu lisilotiwa dawa lazima aagize mapema, kabla mashine ya kupaka haijawashwa, na kwa wingi unaoifaa kampuni kulitenga. Mkulima mmoja mmoja hawezi. Mfanyabiashara anayekusanya oda za vyama vitano au sita anaweza, na hapo ndipo ilipo nafasi yake.

Somo la Rubona

Rwanda ina historia ya watafiti na wakulima kufanya kazi pamoja. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa 1990, taasisi ya utafiti ya ISAR katika kituo cha Rubona, pamoja na kituo cha kimataifa cha CIAT, ziliwaalika wakulima wenye ujuzi, wengi wao wanawake, kuchagua aina za maharage kituoni mapema, kabla watafiti hawajazichuja na kubaki na chache. Aina walizochagua wanawake hao zilifanya vizuri katika mashamba yao kuliko zile walizokuwa wakiletewa zikiwa zimekwishachaguliwa.

Sababu yake ni rahisi. Mtafiti aliangalia zaidi mavuno. Mkulima aliangalia mavuno, lakini pia kivuli cha mgomba, udongo, muda wa kupika na ladha. Mfanyabiashara angeongeza rangi na ukubwa wa punje, maana soko la Bukavu halinunui maharage kwa jina la mtafiti.

Utaratibu huo haukuwa wa kilimo hai kwa jina, lakini ndio mfano wa karibu zaidi katika eneo hili wa sekta rasmi ya mbegu kumpa mkulima nafasi ya kuamua. Kwa ng'ambo ya pili, kituo cha INERA cha Mulungu na kile cha IITA cha Kalambo, vyote karibu na Bukavu, vimefanya kazi juu ya mazao hayo hayo. Tangu mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Kongo (wakati ule Zaire) zilikuwa na jumuiya ya CEPGL, ambayo ilianzisha hata taasisi yake ya utafiti wa kilimo na mifugo, IRAZ. Mazao hayajui mpaka, lakini makaratasi yanaujua.

Mpakani: karatasi zipi

Nchini Rwanda biashara ya mbegu inaongozwa na Sheria Namba 005/2016 ya Aprili 2016. Anayezalisha, anayeuza na anayeagiza mbegu anatakiwa kuwa na kibali. Ukaguzi na uthibitishaji wa mbegu uko chini ya RICA, mamlaka iliyoundwa mwaka 2017.

Katika ngazi ya kanda, Rwanda na Kongo zote ni wanachama wa COMESA, ambayo mwaka 2014 ilipitisha kanuni za kuoanisha biashara ya mbegu. Chini ya kanuni hizo, aina iliyoidhinishwa katika nchi mbili wanachama inaweza kuingizwa kwenye orodha ya pamoja na kuuzwa katika nchi nyingine bila kuanza majaribio upya. Kongo iliingia pia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022.

Wachuuzi wadogo wanaotumia utaratibu rahisi wa biashara wa COMESA wanapaswa kuwa makini. Utaratibu huo unarahisisha ushuru na fomu za forodha. Hauondoi cheti cha afya ya mimea. Mbegu ni mmea hai, inaweza kubeba ugonjwa, na afisa wa mpakani ana haki ya kuizuia hata ikiwa ni mfuko mmoja.

Jambo jingine ni kutofautisha rangi mbili. Rangi iliyo juu ya punje inaonyesha dawa. Rangi ya kibandiko kwenye mfuko inaonyesha daraja. Katika mfumo wa OECD, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zinashiriki, kibandiko cheupe ni cha mbegu ya msingi, cha bluu ni mbegu iliyothibitishwa ya kizazi cha kwanza, na chekundu ni ya vizazi vinavyofuata. Kibandiko cha bluu hakisemi lolote kuhusu kilimo hai. Hilo linahitaji cheti chake peke yake.

Tanzania ina daraja jingine, mbegu ya kuazimiwa ubora, inayozalishwa na wakulima wadogo chini ya usimamizi mwepesi zaidi kwa ajili ya soko la jirani. Haikukusudiwa kuvushwa mpaka. Nchini Kenya, Novemba 2025 Mahakama Kuu mjini Machakos ilibatilisha vifungu vya sheria vilivyomfanya mkulima kuwa mkosaji kwa kubadilishana au kuuza mbegu zisizosajiliwa. Hukumu hiyo haigusi Rwanda wala Kongo, na mwenye mzigo asiitumie kama kinga hapa Rusizi.

Kuhusu vinasaba, Rwanda ilipata sheria ya usalama wa kibayolojia mwaka 2024. Kadiri nchi za kanda zinavyofungua au kujadili milango hiyo, ndivyo mnunuzi wa kilimo hai atakavyozidi kudai tamko la maandishi kutoka kwa kampuni kwamba fungu la mbegu halina vinasaba vilivyobadilishwa.

Ghalani na njiani

Mbegu isiyotiwa dawa haina ulinzi. Watafiti wa mbegu wana kanuni ya siku nyingi: unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia moja, maisha yake huongezeka maradufu, joto la ghala likipungua kwa nyuzi 5, vivyo hivyo. Kinyume chake pia ni kweli. Bonde la Bugarama, pembezoni mwa mto unaofikia mita 950 kutoka usawa wa bahari, sehemu ya chini kabisa nchini Rwanda, ni la joto kuliko Kamembe. Fungu lililolala Bugarama miezi miwili haliwezi kuota sawa na lililolala mlimani.

Wadudu ni tatizo la pili. Dawa ya kawaida ni kufukiza kwa vidonge vya fosfidi ya alumini. Katika kilimo hai, kufukiza hivyo hufuta hadhi ya mzigo papo hapo, hata kama mbegu bado inaota. Afisa wa mpakani akikuta wadudu hai ana haki ya kuamuru mzigo ufukizwe, na hapo hakuna wa kulalamikiwa. Njia inayokubalika ni mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS yenye tabaka mbili za plastiki ndani na gunia nje. Wadudu hufa kwa kukosa oksijeni, bila kemikali.

Tatizo la tatu ni lori lenyewe. Magari yanayopita Bugarama na Kamembe hubeba saruji, mbolea, chakula na mbegu kwa zamu. Mbegu ya kilimo hai iliyopakiwa juu ya mabaki ya mbolea ya viwandani au kando ya katoni za viuatilifu inaweza kukataliwa na mkaguzi. Dereva anatakiwa awe na karatasi inayoonyesha gari lilibeba nini safari iliyotangulia na lilisafishwa lini.

Tatizo la nne ni muda. Msimu A wa Rwanda huanza na mvua za Septemba, na msimu B karibu na Februari au Machi. Mbegu iliyochelewa wiki tatu ni chakula ghali. Matukio ya miaka ya karibuni yameonyesha jinsi njia zinavyoweza kubadilika ghafla: Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, na Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Mkataba wa mbegu unapaswa kutaja nani anabeba hasara iwapo mpaka utafungwa.

Ulaya inakaza

Anayeuza kahawa au parachichi za kilimo hai Ulaya ana shinikizo zaidi. Kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya, namba 2018/848, ilianza kutumika Januari 2022. Inataka kikundi cha wakulima wanaothibitishwa pamoja kisizidi wanachama 2,000 na kiwe na hadhi ya kisheria. Kuhusu mbegu, ruhusa ya kutumia mbegu ya kawaida isiyotiwa dawa imepangwa kufikia kikomo mwisho wa mwaka 2036.

Muda huo unaonekana mrefu, lakini kujenga mtandao wa wazalishaji wa mbegu huchukua misimu mingi. Anayeanza sasa na maharage na soya atakuwa na uzoefu wakati mahindi na mboga zitakapodaiwa.

Mfanyabiashara tayari ni muuza mbegu

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Food Security, uliojumuisha Kongo, Kenya, Malawi, Zimbabwe, Sudan Kusini na Haiti, ulionyesha kuwa takriban asilimia 90 ya mbegu za wakulima wadogo zilitoka nje ya mfumo rasmi, na karibu nusu ya mbegu zote zilitoka katika masoko ya kawaida. Kwa maneno mengine, mwenye magunia ya maharage sokoni ni sehemu ya sekta ya mbegu, apende asipende. Anachouza kama chakula, mteja anakwenda kukipanda.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia au kupakia mzigo wa mbegu unaokwenda kwa wakulima wa kilimo hai, mfanyabiashara na msafirishaji wanashauriwa kuhakikisha mambo haya:

1. Jina la aina, namba ya fungu, asilimia ya uotaji na tarehe ya kupimwa viko kwenye mfuko.

2. Kuna barua ya kampuni inayosema fungu halikutiwa dawa na halina vinasaba vilivyobadilishwa.

3. Kama mbegu inauzwa kuwa ya kilimo hai, cheti kinataja fungu hilo hilo na uzito wake.

4. Kama si ya kilimo hai, mnunuzi ana ushahidi wa maandishi kwamba aliitafuta akaikosa. Muuza mbegu anaweza kumwandikia barua hiyo, na mkaguzi ataiomba.

5. Kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea vimepatikana kabla ya gari kuondoka, si baada ya kufika darajani.

6. Gari limesafishwa, na mifuko imefungwa isipitishe hewa.

7. Mkataba unataja siku ya mwisho ya kufikisha mzigo kulingana na msimu, na nani analipa ikipita.

Nakala za karatasi hizi zitunzwe hata baada ya mbegu kupandwa. Mkaguzi wa kilimo hai hukagua kumbukumbu za misimu iliyopita, na swali kuhusu mfuko wa mbegu uliopita Rusizi leo linaweza kuulizwa mwakani, wakati mavuno yameshauzwa.